Keki Niliyompikia Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa akija nyumbani kwangu na maji yake mwenyewe. Si mzaha. Alikuwa na ile chupa ya bati ya kijani aliyogawiwa zamani kazini, yenye mkanda wa kuning'iniza begani. Kila Jumamosi akitoka kununua samaki ziwani Ggaba alishuka hapa Kansanga, akaketi kwenye kiti cha barazani, akamwita mjukuu wake, akafungua chupa na kunywa. Mimi nimepiga magoti namwamkia, chai inachemka ndani, na mzee anakunywa maji ya kwake Luzira mlangoni kwangu. Ungenikuta jikoni saa hiyo, ungefanya vyema usinisemeshe.

Alikuwa askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini, aliyemaliza ujana wake wote katika lile gereza kubwa la Luzira, na alipostaafu akajenga papo hapo jirani, kana kwamba wafungwa wangemkosa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi, hakina mapambo. Ndiyo lugha pekee tuliyoshirikiana, maana mimi mzaliwa wa Voi, na kwa lugha ya kwao nilijua salamu tu. Nilikuja Kampala kufanya kazi katika kiwanda cha biskuti, nia yangu mwaka mmoja nirudi nyumbani. Kisha tanuri la kiwandani likaharibika, akaitwa fundi wa umeme, na fundi huyo ndiye baba wa mtoto wangu. Mwaka mmoja ukawa maisha.

Siku nilipopelekwa Luzira kuonyeshwa, mzee alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akamwambia mwanawe mbele yangu, bila hata kupunguza sauti:

"Wakenya wanakuja, wanafanya biashara, wanarudi kwao. Mtu ya kurudi, chakula yake hatuzoei."

Tangu siku hiyo akaniita Mgeni. "Mgeni, habari." "Mgeni, mtoto iko wapi?" Nikazaa, nikanyonyesha, nikalipeleka toto lao shule, bado Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililingoja miaka.

Na hili la chakula si dogo kwao. Kwa kina mume wangu, siku baba mkwe atakapokula kilichotoka katika chungu cha mke wa mwanawe, ndiyo siku huyo mwanamke anakuwa mtoto wa nyumba. Kabla ya hapo umeolewa na mume peke yake, ukoo bado unakutazama kwa mbali. Wala haikuwa dini. Yeye husali Ijumaa, mkewe huenda misa Jumapili, na amekula mkono wa Mkatoliki huyo tangu ujanani hadi meno yakaanza kumtoka. Tatizo lilikuwa mimi.

Sababu alikuwa nayo, na ilikuwa sababu ya heshima: ugonjwa wa sukari. Aliugua kweli, alimeza dawa, na mguu mmoja ulikuwa ukimchoma usiku. Basi nikileta chai, "Daktari alikataa." Nikileta chai kavu isiyo na sukari hata chembe, "Daktari alikataa." Nikasonga kalo, ule ugali wao wa ulezi, nikapika malakwang, zile mboga chachu za kwao, kwa siagi ya karanga, vilevile alivyonifundisha mama mkwe, nikaziweka mbele yake moto moto. Akafungua chupa yake. "Daktari alikataa."

Daktari gani huyo wa kukataza mboga? Kwake Luzira alikula vyote hivyo, mama mkwe aliniambia mwenyewe. "Kula anakula vizuri, mtoto wangu. Ni kichwa chake tu." Mimi nilijua, naye alijua kuwa najua, na kila Jumamosi tulirudia mchezo uleule. Mume wangu alinibembeleza nimzoee baba yake. Nikamwambia mimi sikuolewa na chupa ya maji. Akacheka, na kucheka kwake kukanichoma zaidi.

Ndipo ile poda ikaja kiwandani.

Mwenye kiwanda alikuwa ameona Nairobi keki na biskuti za watu wa sukari, akataka na sisi tujaribu. Watu hudhani sukari kwenye keki ni utamu tu. Si hivyo. Sukari ndiyo mwili wa keki. Iondoe, weka tone la dawa ya utamu badala yake, uone kitakachotoka tanurini: kitu chembamba, kikavu, kilichonuna. Lazima upate cha kujaza ile nafasi. Hiyo ndiyo kazi ya poda ile, nyeupe inayoelekea rangi ya maziwa, ambayo ukiilamba huhisi utamu wa maana wala uchungu. Gunia liliandikwa polidekstrosi. Sisi tuliiita poda tu.

Mtaalamu aliyekuja nayo alitueleza vizuri. Alisema ni nyuzinyuzi, jamaa ya zile za maharagwe na matunda, ila hizi hazikuota shambani, zimetengenezwa. Wanachukua glukosi, wanaipika kwa moto mkali pamoja na sorbitoli kidogo na asidi kama ya ndimu, mpaka inashikamana na kusokotana. Majini inayeyuka yote, kwa hiyo mlaji haioni, lakini tumbo haliwezi kuifumua. Nilimwelewa hivi: ni nywele zilizosokotana, na tumbo halina kitana. Basi sehemu kubwa inapita hivyohivyo hadi utumbo wa chini, ambako vijidudu vya tumboni vinaitafuna kidogo na, hapo mtaalamu akakohoa, vinatoa hewa.

"Ukila kwa kiasi hakuna neno," akasema. "Ukizidisha, utajua mwenyewe."

Tulijua wiki ileile. Kazi yangu ilikuwa kukagua ubora, kwa hiyo tulioonja ni mimi na wenzangu wa kuchanganya unga, na tulionja kwa moyo wote maana ilikuwa bure. Alasiri chumba kizima kilikuwa kikikohoa. Kila mtu alikohoa kufunika kilichokuwa kikinguruma ndani yake, na fundi wa tanuri, mtu mzima mwenye wajukuu, akaenda kusimama nje peke yake karibu na lori. Banange, tulicheka mpaka machozi. Ndipo ikaamuliwa pakiti zitaandikwa onyo.

Na poda ilikuwa na ugonjwa mwingine: inakunywa unyevu. Kwa hali ya hewa yetu ya ziwani, ukiacha mfuko wazi uende kula mchana, unarudi kukuta donge. Mimi ndiye niliyezunguka nikiifunga na kugomba.

Siku moja nikiwa nakagua keki za majaribio, nzuri, zimeinuka, zina rangi, wazo likanijia. Nikaiweka chini ile niliyoshika. Yule mzee sababu yake ilikuwa sukari. Je, sukari isipokuwepo?

Sikukurupuka. Mimi mkali lakini si mjinga. Nilijua poda si dawa, na unga wa ngano ni unga wa ngano, nao hugeuka sukari mwilini. Nikampigia mama mkwe, naye akamuuliza nesi wa pale mzee anapochukulia dawa. Jibu likarudi: kipande kimoja na chai kavu, sawa. Mwenye kiwanda akaniruhusu kuchukua poda kidogo na matone ya ile dawa ya utamu. Ijumaa jioni nikaoka nyumbani, mayai, maganda ya limau, mdalasini, na poda nikaitia kwa mkono mkunjufu, kwa sababu keki hii isingeruhusiwa kunyauka. Mtoto akaonja pembe yake akasema, "Mama, hii ni ya sikukuu?" Nikamwambia tutaona.

Jumamosi mzee alikuja na mkewe, kama tulivyopanga wanawake wawili. Nikapiga magoti, nikaamkia, nikaweka sahani mezani. Mzee hakuitazama hata. Mkono ukaenda kwenye chupa.

"Daktari alikataa," akasema.

"Hii haina sukari," akasema mama mkwe. "Nimemuuliza nesi mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Amesema kipande kimoja ule."

Sasa mfahamu mtu huyu. Maisha yake yote alifunga na kufungua milango kwa kanuni. Mfungwa aliyemaliza kifungo humzuii kwa sababu hupendi sura yake, unamfungulia. Na yeye shtaka lake alikuwa amelitaja mwenyewe, tena mbele ya mashahidi, kila Jumamosi. Shtaka lilikuwa sukari. Akaitazama ile keki kwa muda mrefu, akanigeukia mimi.

"Mgeni. Wewe unasema hakuna sukari?"

"Sikutia hata chembe, Baba. Ila unga ni unga. Kipande kimoja kinatosha."

Akakichukua. Akakinusa kwanza, kweli nawaambia, kama anakagua kifurushi kilicholetwa gerezani. Akauma. Akatafuna. Mimi nikainuka nikakimbilia jikoni, nikashika sinki kwa mikono miwili nikalia. Sioni haya kusema. Nililia kwa furaha na kwa hasira ya miaka yote ile, vyote kwa pamoja, kisha nikanawa uso na kurudi.

Nikakuta theluthi ya keki haipo. Mama mkwe, uso unang'aa, anamkatia tena.

Loo! Nikaikumbuka poda. Nikakumbuka mkono wangu mkunjufu, na yule fundi wa tanuri karibu na lori. Lakini nitasema nini? Kwetu Voi hata kwao kaskazini, mke wa mwana hataji tumbo la baba mkwe wake. Hutamwambia mkweo kitakachomtokea chooni, ni heri ardhi ipasuke. Nikamkonyeza mama mkwe. Akadhani naomba sifa, naye akanikonyeza. Nikamvuta jikoni nikamweleza kwa kunong'ona. Akajiziba mdomo kwa kitambaa kwa kucheka.

"Acha ale, mtoto wangu. Ameanza leo, usimkatize."

Tulipotoka, mzee alikuwa amesimama, chupa begani, na keki iliyobaki ameifunga kwenye gazeti.

"Hii mimi nabeba," akasema.

Alikuwa anakwenda mkutano wa wastaafu wenzake. Ningemnyang'anya? Kwa mara ya kwanza anatoka mlangoni kwangu amebeba chakula changu kwapani, nami nimkimbilie kumwambia habari za upepo? Nikapiga magoti nikamuaga.

Simu ya mama mkwe ilikuja jioni, na kwanza sikusikia maneno, nilisikia kicheko tu. Alihadithiwa na wenzake wa mzee. Mzee alikuwa ameimaliza keki njiani. Mkutanoni wakasimama mstari kuwakumbuka wenzao waliofariki, kofia mkononi, kimya kabisa. Na katika kimya hicho tumbo la mzee likaanza kuongea. Yeye akakaza uso mbele. Tumbo likajibu. Mwisho akatoka mstarini akaenda kwa haraka nyuma ya jengo, yeye ambaye hajawahi kutoka mstarini tangu alipovaa sare. Wenzake wakavumilia mpaka dua ikaisha, wakaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti: "Ni yule Mkenya wako! Amekuwekea kitu!"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema mume wangu, akagaragara kwenye kochi. Nikamtupia kitambaa cha vyombo usoni. Kwake ilikuwa kichekesho. Mimi nilisikia neno moja tu, amekuwekea kitu, yaani sumu au uchawi. Mwanamke mgeni akishasemwa hivyo, anaondoka nalo hadi kaburini. Niliingojea siku ile miaka, na mkono wangu mwenyewe ukaiharibu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikasikia basi zikisimama barabarani, nikachungulia, si yeye. Iliyofuata pia hakuja. Mtoto akauliza babu yuko wapi, nikamwambia anapumzika. Mama mkwe akaniambia hajasema lolote, anakaa tu anatengeneza uzio. "Zungumza naye," akasema. "Mficha uchi hazai." Nikamwambia, Mama, uchi huu ni wa mkwe, nitaufichuaje?

Kiwandani nako mambo yakaharibika. Mvua zilikuwa kubwa, mtu akaacha mlango wa ghala wazi, na mifuko ya poda iliyobaki ikawa mawe. Mwenye kiwanda akapiga hesabu zake akasema basi. Wanunuzi wa Kampala wanataka sukari yao, wapewe. Tukarudi kwenye biskuti zetu za kawaida.

Halafu Jumamosi moja karibu na mchana nilikuwa nasonga kalo, mlango ukagongwa. Mzee. Chupa begani, samaki mkononi. Nikapiga magoti na mwiko bado umo mkononi.

Hakuketi. Alisimama mbele yangu kama anavyosimama askari mbele ya mahabusu.

"Mgeni. Ile unga ilikuwa nini?"

Basi nikasema. Nikiangalia sakafu, nikasema yote: nyuzinyuzi, glukosi iliyosokotwa, tumbo lisilo na kitana, vijidudu, hewa. Nilipofika kwenye hewa nikapunguza sauti, nikamalizia. Nikamwambia haina madhara, ilizidi kiasi tu.

"Kwa hivyo ilikuwa upepo," akasema.

"Upepo tu, Baba."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Baba, wewe ni mkwe wangu."

Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ameshikwa na kikohozi, kumbe anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Alicheka bila sauti, macho yakamjaa maji, akalazimika kuketi.

"Mkwe atakufa sababu ya heshima," akasema. Akajifuta macho. "Walisema umeniwekea kitu. Mimi nikawaambia hapana. Nimechunga watu wabaya maisha yangu yote. Mtu mbaya mimi namjua."

Mimi nilikuwa bado magotini.

"Keki bado iko?" akauliza.

Hapo moyo ukanianguka. "Imekwisha, Baba. Na poda haipo tena. Kiwanda kimeacha."

Akatikisa kichwa. Nikauona mkono wake ukienda kwenye mkanda wa chupa, nikasema moyoni, haya, tumerudi palepale. Alikuwa na sababu moja, nikaiondoa, na sasa imejirudia yenyewe. Kutoka jikoni harufu ya malakwang na karanga ilikuwa imejaa hadi nje.

"Ndani kuna nini?"

"Kalo na malakwang, Baba." Kisha ukali wangu ukanishinda, nikaongeza: "Lakini daktari alikataa."

Akanitazama kwa mshangao mkubwa, kana kwamba nimesema upuuzi.

"Daktari alikataa sukari," akasema. "Malakwang iko na sukari?"

Haki ya nani, nilitaka kumrushia mwiko. Miaka yote ile! Badala yake nikaenda kupakua, kwa haraka nikamwaga mchuzi mezani. Nikamnawisha mikono. Akamega kalo, akachovya, akala bila kusema, bila kuharakisha, akala mpaka bakuli likawa safi. Chupa yake ilikuwa sakafuni karibu na samaki. Alipotaka maji alinyoosha mkono akachukua jagi langu.

Kisha akanawa, akachokoa meno kwa njiti, akasimama na kumwita mjukuu amuage. Mlangoni akageuka.

"Mtoto yangu," akasema, "chumvi iko mingi. Kesho punguza."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili hakuwahi kuja. Sikwenda kanisani. Niliamka mapema nikachambua mboga, nikasaga karanga, nikaweka sufuria jikoni, na chumvi nikapunguza.